Kuchagua Rangi ya Jengo la Mjini: Kuanzia Mtaani hadi Mkono wa Mwisho

Rangi ya ndani ya nyumba ni ya wenye nyumba. Rangi ya nje ni ya kila apitaye. Mwenye jengo huiona anapoingia na anapotoka, ilhali jirani wa ng'ambo ya barabara anaitazama kutwa, atake asitake. Mwaka 1817 gavana wa Curaçao, kisiwa cha Karibi, Albert Kikkert, alipiga marufuku kuta nyeupe mjini Willemstad kwa hoja kwamba mng'ao wa jua uliorudishwa na kuta hizo uliwaumiza watu macho na vichwa. Kuta zikapakwa njano, waridi, buluu na kijani. Mwaka 1997 mji huo ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na hadi leo rangi zake ndizo zinazoutambulisha.

Mwongozo huu ni wa mwenye jengo, kamati ya wakazi, msanifu au fundi anayetakiwa kuamua rangi ya jengo lililo kati ya majengo mengine. Nina shauri moja ninalolishikilia tangu mwanzo hadi mwisho: uamuzi ufanyike mtaani, mbele ya ukuta wenyewe. Kadi ya vipande vya rangi inasaidia kupunguza wigo, lakini ukiiachia ikuamulie, utajuta kwa miaka yote ambayo rangi hiyo itakaa ukutani.

Hatua ya 1: Tazama mtaa kabla hujatazama rangi

Simama upande wa pili wa barabara, mahali ambapo jengo lako na majirani wake wawili au watatu kila upande wanaonekana kwa pamoja. Piga picha, kisha weka simu mfukoni na uandike kwa macho yako, kwa sababu kamera hurekebisha rangi yenyewe bila kukuuliza.

Mfaransa Jean-Philippe Lenclos alianza kuifanya kazi hii kwa utaratibu katika miaka ya 1960. Alikuwa akikusanya vipande vya plasta, matofali, vigae vya paa na hata udongo wa eneo, anavilinganisha na rangi alizochanganya mwenyewe papo hapo, halafu anazipanga kwa makundi. Kundi la kwanza ni la maeneo makubwa: kuta na mapaa. La pili ni la vitu vidogo: milango, fremu za madirisha, vyuma, mapambo. Alichokionyesha ni kwamba kila mahali pana rangi zake zinazotokana na mawe, udongo na mwanga wa pale pale. Toulouse nchini Ufaransa huitwa Mji wa Waridi kwa sababu ya matofali yake ya udongo, na Bologna nchini Italia huitwa Mwekundu, pia kwa ajili ya kuta na vigae vyake. Hakuna aliyekaa kitako akachagua rangi hizo. Udongo uliokuwa karibu ndio uliochomwa tofali.

Huhitaji maabara. Andika mambo manne tu. Kwanza, rangi zisizobadilika: ardhi, mawe, mapaa, lami, miti. Pili, rangi za kuta za majirani. Tatu, rangi za vitu vidogo. Nne, rangi za kupita tu, kama mabango na vitambaa vya kivuli, ambazo mwakani huenda zisiwepo, hizi usizifuate.

Ukimaliza, jiulize: mtaa huu una kauli moja, au kila mmoja anasema lake? Jibu lina uzito. Jaipur, nchini India, ni mfano wa kauli moja. Mwaka 1876 mji wa ndani ya kuta ulipakwa rangi moja kwa amri ya Maharaja Sawai Ram Singh II, kumpokea mwana wa Malkia wa Uingereza, na rangi hiyo, ambayo huitwa ya waridi ingawa imeegemea zaidi kwenye udongo wa kuchomwa, imelindwa hadi sasa. Katika mtaa wa namna hiyo, ukuta mmoja wa samawati utakuwa ufidhuli. Uhuru wako umebaki kwenye mlango, kwenye fremu, na kwenye tofauti ndogo ya ukolevu. Lakini kama kila nyumba ina rangi yake, basi la kutafuta ni lile lisilobadilika kati yake: pengine zote zina wepesi wa rangi unaokaribiana, yaani umbali wake kutoka weupe au weusi, pengine zote zina fremu nyeupe. Lishike hilo, rangi yenyewe chagua utakavyo.

Uliza pia kanuni. Maeneo ya kihistoria karibu kila mahali yana masharti ya rangi, na majengo ya ghorofa yenye wamiliki wengi huwa na makubaliano yao. Ni bora kuuliza kabla ya kununua hata kopo moja.

Hatua ya 2: Soma mwanga

Ukuta una rangi ya asubuhi, una ya adhuhuri, una na ya jioni. Tambua kwanza unatazama wapi. Kaskazini mwa ikweta, ukuta unaotazama kusini ndio unaopata jua jingi. Kusini mwa ikweta ni kinyume chake. Karibu na ikweta jua huhama, sehemu ya mwaka likipiga upande wa kaskazini na sehemu upande wa kusini, na kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazoungua zaidi.

Jua kali hula rangi nyepesi. Krimu iliyopendeza kivulini itaonekana nyeupe pee saa sita mchana. Ndiyo maana miji mingi yenye jua kali hubeba rangi zilizokolea bila kuonekana imevaa kupita kiasi, na rangi hizo hizo zikipelekwa chini ya anga la mawingu mwaka mzima zinaonekana nzito. Kwenye kivuli, mwanga unaofika ukutani hutoka angani na una ubuluu ndani yake. Rangi za kijivu huvuta kwenye buluu, na njano hafifu hugeuka ya kijanikijani, jambo ambalo watu wengi hulaumu kopo.

Mtaa ukiwa mwembamba, kuta zinapakana rangi. Ukuta mwekundu ukipigwa na jua hutupa wekundu kwenye ukuta mweupe ulio mkabala nao, na jirani yako anaishi na rangi yako chumbani mwake. Kwa upande wa heri, ukuta wa rangi nyepesi kwenye ua mwembamba huwapelekea wakazi wa ghorofa ya chini mwanga ambao wasingeupata. Mimi naona hilo ni sababu tosha ya kupaka kuta za uani rangi nyepesi, hata kama uso wa mbele wa jengo ni damu ya mzee.

Nenda na usiku. Taa za barabarani za sodiamu, zile za rangi ya chungwa, hufuta karibu rangi zote zikabaki vivuli vya kahawia. Chini ya taa hizo jengo hutambulika kwa tofauti ya wepesi na weusi tu. Kama jengo lako ni la kutembelewa usiku, hakikisha mlango unatofautiana na ukuta kwa wepesi wa rangi.

Anga nayo imo katika hesabu. Mnara wa Eiffel kwa muda mrefu umepakwa rangi moja kwa viwango vitatu, chini iliyokolea zaidi na juu iliyopungua, ili kwa mtazamaji aliye chini uonekane wa rangi moja mbele ya anga. Waliopanga rangi hiyo walijua macho yatauona wapi. Jengo refu lako litatazamwa kutoka wapi: chini ya ukuta, mwisho wa barabara, au darajani kilomita moja mbali?

Hatua ya 3: Fikiria joto

Kila mtu anajua nyeusi hunyonya joto na nyeupe hulirudisha. Kisichojulikana sana ni kwamba karibu nusu ya nishati ya jua huja katika mawimbi ambayo jicho haliyaoni. Kwa hiyo makopo mawili ya kahawia yanayofanana kabisa machoni yanaweza kutofautiana kwa joto, kutegemea chembe za rangi zilizomo. Watengenezaji hutoa namba mbili, na ni vyema uzitofautishe: kiwango cha kurudisha mwanga unaoonekana, ambacho huanzia 0 kwa nyeusi tii hadi 100 kwa nyeupe kamili, na kiwango cha kurudisha nishati yote ya jua. Ya kwanza inahusu macho, ya pili inahusu joto.

Utafiti unasogea haraka upande huu. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kilitangaza rangi nyeupe inayorudisha asilimia 98.1 ya mwanga wa jua.

Lakini kumbuka kisa cha Willemstad. Nyeupe kali kwenye kimo cha macho huwachosha wapita njia na madereva. Maoni yangu ni haya: nyeupe ipelekwe juu ya paa, ambako inafanya kazi kubwa zaidi ya kupoza na macho machache yanaifikia, na ukutani ishuke hadi kwenye rangi nyepesi iliyopoa, kama krimu ya mchanga, kijivu chenye ujoto, waridi la udongo. Majengo marefu ya jirani yakiwa yanalitazama paa lako moja kwa moja, chagua nyeupe isiyong'aa.

Tahadhari moja ya kiufundi: kama kuta zako zimevikwa tabaka la kuzuia joto kisha plasta nyembamba juu yake, usipake rangi nzito kabla ya kusoma masharti ya mtengenezaji. Plasta hiyo haina mahali pa kupeleka joto, hutanuka na kusinyaa kila siku, na mwisho hupasuka. Kwa mifumo hiyo huwekwa kikomo cha kiwango cha kurudisha mwanga, na mara nyingi rangi zilizo chini ya 20 hivi hukataliwa.

Hatua ya 4: Ipe rangi kazi

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu zaidi. Watu wengi huuliza, "Rangi gani nzuri?" Swali lenye manufaa ni, "Nataka rangi ifanye nini?" Ikijulikana kazi, chaguo hujipunguza lenyewe.

Rangi inaweza kutenganisha. Msanifu Mjerumani Bruno Taut alipojenga kitongoji cha Falkenberg mjini Berlin, kati ya 1913 na 1916, nyumba zilikuwa za kawaida na za watu wa kipato kidogo, na mapambo ya gharama hayakuwezekana. Rangi ilikuwa nafuu. Akazipaka nyumba zilizofanana rangi tofauti zilizokolea, na watu wakakiita kitongoji kile makazi ya sanduku la rangi. Mtoto angeweza kuitambua nyumba yao kutoka mbali. Falkenberg ni mojawapo ya makazi sita ya Berlin yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na ukisimama mbele ya nyumba zile unaelewa kwamba heshima ya makazi ya kawaida haihitaji marumaru.

Rangi inaweza kupunguza ukubwa. Jengo refu lisilo na mapumziko huelemea mtaa. Ligawe: ghorofa ya chini rangi nzito kidogo inayostahimili madoa na matope, katikati rangi kuu, juu kabisa rangi nyepesi inayoyeyuka angani. Huko Pessac karibu na Bordeaux, katika miaka ya 1920, msanifu Le Corbusier alizipaka baadhi ya nyumba buluu au kijani hafifu ili zirudi nyuma mbele ya anga na miti, na nyingine kahawia ili zisogee mbele, kwa sababu nyumba zilikuwa zimesongamana. Baadaye, mwaka 1931, alitoa mkusanyo wa rangi 43 za majengo, na 1959 akaongeza nyingine 20. Naupenda mkusanyo ule kwa kitu kimoja: uliandaliwa na mtu aliyekwisha kuona rangi zinavyosogeza kuta.

Rangi inaweza kueleza. Kituo cha sanaa cha Pompidou mjini Paris, kilichofunguliwa mwaka 1977 kwa mchoro wa Renzo Piano na Richard Rogers, kimetoa mabomba na mitambo yake nje na kuipaka kwa maana: buluu kwa hewa, kijani kwa maji, njano kwa umeme, nyekundu kwa njia za watu, yaani lifti na ngazi za umeme. Ukikubali au usikubali umbo lake, kila rangi pale ina jibu ukiiuliza ipo kwa nini.

Rangi inaweza pia kuamsha. Edi Rama, mchoraji aliyekuwa meya wa Tirana, mji mkuu wa Albania, kuanzia mwaka 2000, alirithi mji wa magorofa ya kijivu yaliyochakaa na hazina tupu. Akaanza kupaka. Jengo la kwanza lilipakwa rangi ya chungwa, na watu walikusanyika barabarani kulitazama. Wapo waliosema fedha zingetumika kwanza kwenye mabomba na barabara, na hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana rangi haizibi paa linalovuja. Hata hivyo naamini Rama aliona jambo la kweli: mtaa uliokwisha kata tamaa huanza kujitunza mtu mmoja anapoonyesha kwamba anautunza.

Kisha kuna rangi kama mazingira yenyewe. Msanifu Luis Barragán wa Mexico, aliyetunukiwa tuzo ya usanifu ya Pritzker mwaka 1980, alitumia ukuta mtupu wa waridi, njano au zambarau mbele ya mti mmoja na maji kidogo. Tazama alichokiacha: madirisha machache, mapambo hakuna. Rangi kali ilipewa nafasi ya kupumua. Anayechukua waridi la Barragán na kulipaka kwenye ukuta uliojaa mabomba, vyuma vya madirisha, vipoza hewa na mabango amechukua kopo na kuacha wazo.

Sasa geukia jengo lako na ugawe sehemu zake kwa majina matatu: rangi kuu, rangi ya pili, na rangi ya kukolezea. Rangi kuu hubeba kuta. Rangi ya pili hubeba nguzo, kingo, mabaraza na sehemu zilizoingia ndani. Ya kukolezea iwe ndogo na iwe na anwani: mlango wa kuingilia, reli za ngazi, upande wa ndani wa roshani. Wapo wanaofundisha uwiano wa 60, 30 na 10. Ndani ya chumba unaweza kusaidia. Nje naona hauna nguvu, kwa sababu anga, miti na majirani tayari wamechukua sehemu kubwa ya picha. Nionavyo, jengo la mjini linatosheka na rangi mbili na mlango.

Kanuni ndogo inayookoa kazi nyingi: badilisha rangi penye kona ya ndani au penye mstari halisi wa jengo, kama kingo au mfereji wa mvua. Rangi ikiishia kwenye kona ya nje, ukuta unaonekana mwembamba kama karatasi iliyobandikwa.

Hatua ya 5: Jua rangi imetengenezwa na nini

Uzuri wa siku ya kwanza hauna maana kama baada ya misimu michache rangi imepauka. Chembe za madini ndizo zinazodumu. Oksidi za chuma, zinazotoa njano ya udongo, nyekundu ya udongo na kahawia, hazijali jua wala ukali wa saruji. Ndizo zilizo katika rangi nyekundu ya Falun nchini Uswidi, inayotoka kwenye mabaki ya mgodi wa shaba na kupakwa kwenye nyumba za mbao kwa karne nyingi. Nyeupe ya sasa hutokana na oksidi ya titani. Nyekundu zinazowaka, njano za limau na zambarau mara nyingi hutegemea chembe za kikaboni, na baadhi yake hupauka haraka upande wa jua. Ukizitaka, ziweke mahali padogo panapofikika kwa ngazi fupi, kwa maana utazirudia.

Aina ya rangi ifuate aina ya ukuta. Jengo la zamani lililojengwa kwa chokaa linahitaji kupumua: unyevu huingia na lazima utoke. Lipe rangi ya chokaa au rangi ya silikati, ile ambayo Mjerumani Adolf Wilhelm Keim aliipatia hataza mwaka 1878 na ambayo hushikana na plasta kwa mmenyuko wa kikemia badala ya kukaa juu kama utando. Ukilifunga jengo la namna hiyo kwa rangi ya plastiki, unyevu utajitafutia njia, na plasta itatoka pamoja na rangi yako. Kuta za saruji na matofali ya saruji hupokea vizuri rangi za akriliki za nje.

Plasta mpya ya saruji ina ukali mwingi wa alkali. Iache ikomae, kwa kawaida siku 28 au zaidi kukiwa na unyevunyevu, kisha weka rangi ya msingi inayohimili alkali. Ukiona chumvichumvi nyeupe inatoka ukutani, usiifunike. Tafuta maji yanaingilia wapi, rekebisha, piga brashi kavu, subiri ikauke.

Matofali mazuri ya kuchomwa na mawe mazuri yaache yalivyo. Tayari yana rangi, na ukishayapaka, kuyarudisha ni kazi ngumu inayoweza kuyaharibu. Na kama jengo ni la zamani, chunguza rangi iliyopo kama ina madini ya risasi kabla ya kukwangua kikavu. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi kwa nyumba za kuishi mwaka 1978, na nchi nyingine zilichelewa zaidi, hivyo vumbi la ukutani linaweza kuwa sumu kwa fundi na kwa watoto.

Hatua ya 6: Jaribu ukutani, kwa ukubwa

Kipande cha kadi na ukuta mzima havionekani sawa hata vikiwa na rangi ile ile. Mtafiti wa Uswidi Karin Fridell Anter alipima kuta za nje na kuonyesha kwamba rangi inayoonekana ukutani kwa kawaida huwa na weusi mdogo kuliko ya kipande cha sampuli. Kwa maneno ya fundi: ukutani itawaka zaidi. Kwa hiyo chagua iliyopoa kidogo kuliko unavyodhani unataka. Rangi inayoonekana imezubaa kwenye kadi ndiyo mara nyingi inayotulia vizuri kwenye ghorofa nne.

Paka sampuli zisizopungua mita moja kwa mita moja, mikono miwili (yaani tabaka mbili), juu ya rangi ya msingi itakayotumika kweli. Weka tatu: unayoipenda, moja iliyokolea zaidi, moja iliyofifia zaidi. Zitenge kwa mpaka mpana wa nyeupe au kijivu, usizipake zikigusana. Sababu iliandikwa na mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul mwaka 1839, alipochunguza malalamiko kuhusu nyuzi za karakana ya mazulia ya Gobelins mjini Paris: rangi mbili zikikaa jirani, kila moja hubadilisha jinsi nyingine inavyoonekana. Sampuli moja iwe karibu na fremu ya dirisha, nyingine upande wa kivuli, na kama ukuta unapakana na wa jirani, moja iwe hapo mpakani.

Zitazame asubuhi, adhuhuri, jioni, siku ya mawingu, na ukuta ukiwa umelowa mvua. Zitazame kwa hatua mbili, kisha kutoka mwisho wa mtaa. Waite wanaoishi mkabala wakuambie wanaona nini. Hawana mamlaka juu ya ukuta wako, lakini wana macho ambayo wewe huna, kwa kuwa wao hukaa upande ule.

Hatua ya 7: Pima kwa macho ya wote

Katika watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mwanamume mmoja kati ya 12 huchanganya nyekundu na kijani. Kwa wanawake ni wachache sana. Kwingineko uwiano hutofautiana, ila wapo kila mahali. Ongeza wazee ambao lenzi za macho yao zimekuwa za njano, na wenye uoni hafifu. Usitegemee rangi peke yake kutofautisha jengo A na jengo B katika makazi yanayofanana. Weka namba kubwa pia.

Mlango, reli na ukingo wa ngazi vitofautiane na kilicho nyuma yake kwa wepesi wa rangi. Miongozo ya Uingereza hutumia tofauti ya pointi 30 kwenye kiwango cha kurudisha mwanga, nayo ni kipimo kizuri cha kuanzia popote. Njia ya haraka: piga picha, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Mlango ukipotea kwenye picha, umepotea kwa mtu fulani pia.

Hatua ya 8: Andika, kisha paka

"Krimu kama ile ya jengo la kona" si maelezo ya kumpa fundi. Andika namba ya rangi katika mfumo unaotambulika, kama NCS au RAL. Huu wa pili ulianza Ujerumani mwaka 1927 ukiwa na rangi 40 tu. Andika aina ya rangi, kiwango cha mng'ao, idadi ya mikono, na sehemu kwa sehemu kwenye picha ya jengo. Kwa kuta za nje napendelea rangi isiyong'aa, kwani mng'ao huanika kila bonde la plasta.

Nunua makopo ya ukuta mmoja kwa pamoja na uhakikishe namba za mchanganyo zinafanana. Zikitofautiana, mimina makopo kadhaa kwenye ndoo kubwa na uyachanganye. Osha ukuta, ondoa kuvu, ziba nyufa, acha ukauke. Anza juu kushuka chini. Fuata kivuli: paka upande ambao jua limeshaondoka, kwa sababu rangi inayokauka papo kwa papo huacha alama za rola. Usisimame katikati ya ukuta ukaendelea kesho. Fika kwenye kona au mstari.

Hatua ya 9: Panga kuirudia

Mnara wa Eiffel hupakwa upya takriban kila miaka 7, kwa tani 60 hivi za rangi. Jengo lako halihitaji kiasi hicho, lakini linahitaji ratiba. Hifadhi kopo moja lililofungwa vizuri kwa ajili ya viraka, pamoja na karatasi ya namba za rangi, mahali ambapo atakayekurithi jengo ataikuta. Kila baada ya mvua kubwa zunguka jengo: michirizi myeusi chini ya kingo za madirisha inaonyesha maji hayadondoki mbali na ukuta, na dawa yake ni kurekebisha ukingo. Unapoziba mahali, paka kutoka kona hadi kona, maana rangi mpya katikati ya ukuta uliopauka huonekana kama doa hata ikiwa ya kopo lile lile. Mlango wa kukolezea utachoka kwanza. Urudie peke yake, na kuta uzipe muda wake.